Sensa ya sukari mkononi: mwongozo kamili wa siku 14, kuanzia kununua hadi kliniki

Kwa miaka mingi nilikuwa na namba mbili zisizokubaliana. Asubuhi kabla ya chai nachoma kidole, mashine inaandika 7.2, siku nyingine 6.8, namba za kuridhisha. Nikienda kliniki, kipimo cha HbA1c kinachoonyesha hali ya miezi mitatu kinatoka asilimia 9.6, juu mno. Nikawa natazamwa kama mtu anayeficha soda uvunguni. Sikuwa naficha kitu. Sukari yangu ilikuwa inapanda saa ambazo sikuwa napima, na kidole kimoja cha asubuhi hakiwezi kukueleza mambo ya saa nne wala ya saa tatu usiku. Siku ya pili ya kuvaa sensa, kifaa cha kubandika mkononi kinachopima sukari mchana na usiku, ndipo nilipouona huo mlima kwa macho yangu.

Naandika kwa ajili ya mwenye kisukari, au anayemlea mwenye kisukari, ambaye amesikia habari za sensa na hajui aanzie wapi. Sitakuambia uivae mwaka mzima. Sensa moja ya siku 14 maana yake ni sensa 26 kwa mwaka, na wengi wetu fedha hiyo hatuna. Ninachokushauri ni hiki: vaa sensa ukiwa na swali. Siku 14 ukiwa na swali moja zitakufundisha kuliko miezi sita ya kuangalia namba na kuhuzunika.

Kifaa chenyewe

Ni kidude cha duara kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, upande ule wenye nyama. Chini yake kuna uzi laini wa milimita 5 hivi unaobaki chini ya ngozi. Sindano huusindikiza uzi tu na kutoka hapo hapo. Usiogope kwamba utatembea na sindano mkononi. FreeStyle Libre, iliyoingia sokoni Ulaya mwaka 2014, ndiyo wengi wanayoijua: ya kwanza unaisogezea simu ndipo ikupe namba, ya pili ikaongeza kengele, ya tatu inatuma namba yenyewe kila dakika. Sensa za kampuni nyingine, Dexcom G6 na G7 ya kawaida, hukaa siku 10.

Jambo la kushika kabla ya yote: sensa haipimi damu. Inapima majimaji yaliyo kati ya seli, chini ya ngozi. Sukari hupita kwanza kwenye damu, kisha ndiyo ifike kule. Aliyekulia pwani atanielewa haraka. Bahari ikianza kujaa, maji ya kwenye mikoko yanafika baadaye kidogo. Bahari ikitulia, kote ni sawa. Basi sukari ikiwa imetulia, sensa na kidole huwa karibu. Ikiwa inapanda au kushuka kwa kasi, sensa iko nyuma kwa dakika 5 hadi 10, wakati mwingine zaidi. Ukilijua hili hutagombana na kifaa chako.

Na saa au pete zinazouzwa kwa maneno kwamba zinapima sukari bila kutoboa ngozi? Usinunue. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo rasmi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Namba utakazoziona humo si za kuamulia dozi. Saa janja ya kawaida ina kazi nyingine nzuri: kuhesabu hatua, kukukumbusha dawa, na kuonyesha namba inayotoka kwenye sensa halisi ikiwa zinaelewana. Hapo mwisho.

Hatua ya kwanza: kabla ya kutoa pesa

Jiulize kwanza kama unaihitaji. Anayetumia insulini, mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza, mama mjamzito mwenye kisukari, na mtu ambaye sukari humshuka bila kuhisi dalili: hawa ndio wa mbele kwenye foleni. Anayekunywa vidonge vya metformini peke yake na HbA1c yake iko sawa hana haja ya kujibana, kidole kinamtosha.

Kisha ishike simu yako. Sensa nyingi za Libre huwashwa kwa kuisogezea simu yenye NFC, yaani uwezo wa kusoma kifaa kilicho karibu bila waya, na simu nyingi za bei nafuu hazina. Fungua mipangilio, tafuta neno NFC. Lisipokuwepo, utahitaji kisomaji, ile mashine ndogo inayouzwa pembeni. Kwa mtoto aliye shule ya bweni kisomaji ni bora hata kama nyumbani simu ipo, kwa sababu shule nyingi haziruhusu simu, na kisomaji hakina kingine cha kuchezea. Nenda wewe mwenyewe ukamweleze mwalimu na matroni.

Wengi wetu sensa hutufikia kwa mkono wa ndugu. Mimi hutumiwa na mdogo wangu aliyeko Muscat. Hapa pana mtego: sensa na programu au kisomaji havikubaliani ovyo. Aina lazima ilingane, na mara nyingine kifaa cha soko la nchi moja kinakataa sensa ya soko jingine. Kabla ndugu hajanunua, mwambie akupe jina kamili la sensa, kisha wewe utazame kama programu yake inapatikana kwenye simu yako hapa ulipo. Mwambie pia asome tarehe ya mwisho wa matumizi, na asiiweke kwenye begi linaloachwa ndani ya gari juani. Sensa nyingine mwisho wake wa joto la kuhifadhi ni nyuzi 25, nyingine 28. Imeandikwa kwenye boksi. Nyumbani kwangu Machi ni nyuzi 32 ndani ya chumba. Boksi langu linakaa mlangoni mwa friji, mbali na barafu, na nalitoa mapema ili baridi iliishe kabla ya kuvaa.

Mwambie na daktari wako kwamba unaenda kuvaa. Omba tarehe ya kliniki iangukie siku chache baada ya siku ya 14.

Hatua ya pili: kubandika ikabandikika

Kwa joto letu, adui wa kwanza wa sensa ni jasho. Wa pili ni mafuta ya nazi. Siku ya kubandika usijipake kitu mkononi. Oga, osha sehemu hiyo kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato wala mafuta, kausha vizuri, futa kwa pamba yenye spiriti, kisha ngoja ikauke yenyewe. Usipulize. Mimi hubandika jioni baada ya kuoga, nikakaa chini ya feni. Gundi inapata usiku mzima wa kushika kabla ya jasho la kesho.

Chagua mahali pasipo na kovu wala baka. Usibandike karibu na unapochoma insulini. Acha angalau sentimita 2.5. Ukitumia mkono wa kushoto safari hii, safari ijayo ni wa kulia. Kaa mbele ya kioo, au mwite mtu, uweke kifaa cha kubandikia palepale, usukume kwa nguvu moja bila kusitasita, kisha ushikilie sensa kwa kiganja kwa nusu dakika. Utasikia mlio na mshtuko mdogo. Damu kidogo si neno. Ikiendelea kutiririka au maumivu yakikataa kuisha, itoe.

Baada ya hapo unaiwasha na kusubiri. Libre hungoja saa nzima kabla ya kukupa namba ya kwanza.

Ukiongeza plasta juu, chunguza kama sensa yako ina tundu dogo katikati. Hilo tundu lisifunikwe. Kata plasta iwe pete. Kuoga kwa ndoo au bafu ya mvua hakuna shida, na Libre inavumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, kwa hiyo kuoga baharini pale pa kiunoni unaweza. Kupiga mbizi hapana.

Sensa yangu ya kwanza haikuvuka siku ya tano. Nilikuwa nashuka daladala, watu wamebanana, bega likapita salama na mkono ukakwaruza kwenye ukingo wa mlango. Nilisikia tu kitu kimechomoka kama kishikizo. Nilisimama kituoni nikiishika kwenye kiganja, uzi wake umepinda, siku tisa za pesa ya mdogo wangu zimekwenda. Tangu hapo naibandika kwa ndani kidogo, upande unaotazamana na mbavu mkono ukining'inia, na nikishuka natanguliza mkono usio na sensa. Wanaovaa nguo za mikono ya kubana, vueni taratibu kwa kuishika sensa kupitia kitambaa. Na ukifunga kanga ya kubebea mtoto, fundo lipite bega jingine.

Hatua ya tatu: siku mbili za kuangalia tu

Saa 24 za mwanzo sensa bado inazoea mwili na namba zake zaweza kuyumba. Usiamue dozi kwa kuitazama siku hiyo, choma kidole.

Siku hizi mbili kula unavyokula siku zote. Najua kishawishi kilivyo: umevaa kifaa, ghafla unakula mchicha na maji. Utapata picha ya mtu mwingine. Unachotafuta ni picha ya kwako. Andika kwenye daftari, au kwenye programu yenyewe mahali pa maelezo, vitu vinne tu: umekula nini na kiasi gani, saa ngapi, umechoma au kunywa dawa gani saa ngapi, umetembea au umefanya kazi gani. Simu itaandika saa 10:00 ukiwa kwenye saa nne yetu, kwa hiyo chagua saa moja ya kutumia daftarini usije ukachanganya mbele ya daktari.

Hatua ya nne: kusoma mshale

Watu hutazama namba. Mimi hutazama mshale kwanza, namba baadaye. Namba 6.0 yenye mshale uliolala ni mtu aliyekaa barazani. Namba 6.0 yenye mshale ulioelekea chini moja kwa moja ni mtu anayeteremka ngazi gizani, na baada ya dakika 20 anaweza kuwa chini ya 4.

Kwenye Libre, mshale uliolala maana yake sukari inabadilika kwa chini ya 0.06 kwa dakika. Mshale wa mshazari ni kati ya 0.06 na 0.1 kwa dakika. Mshale wa wima ni zaidi ya 0.1 kwa dakika, yaani zaidi ya 1 kwa kila dakika 10. Hizi ni mmol/L, kipimo tunachotumia hospitali zetu nyingi. Kama kifaa chako kinaonyesha namba kama 126 au 180, hicho ni mg/dL, gawanya kwa 18.

Hapa ndipo napaswa kusema jambo linalonikera moyoni, kwa sababu nimeona watu wakiumia kwalo. Umekula, mshale umesimama wima kwenda juu, namba inasoma 13, roho inakwenda mbio, unachoma insulini nyingine. Ile ya kwanza bado haijamaliza kazi. Insulini ya haraka hufanya kazi kwa saa tatu hadi tano. Ile ya kawaida hata zaidi. Zikikutana mbili mwilini, baada ya saa mbili utakuwa unatetemeka na kutoka jasho la baridi. Usiongeze dozi kwa sababu ya mshale, ila kama daktari wako amekupa hesabu ya kufanya hivyo na umeielewa. Tembea, kunywa maji, ngoja.

Kushuka nako kuna kanuni yake. Chini ya 3.9 unatibu: vijiko vinne vya chai vya sukari, bila kujaza mlima, vikorogwe kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, ile yenye sukari. Subiri dakika 15, kisha pima kwa kidole. Nasisitiza kidole, kwa sababu ya yale maji ya mikokoni: damu inaweza kuwa imeshapanda wakati sensa bado inaonyesha 3.4, na ukiendelea kula kwa kuitazama utajikuta kwenye 16. Mtu aliyepoteza fahamu usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Hatua ya tano: kengele

Kengele ya chini iache kwenye 3.9, au ipandishe hadi 4.4 kama huhisi dalili za kushuka. Ya juu anza na 13.9. Najua unatamani 10, lakini kengele ikilia mara kumi kwa siku, siku ya tatu utaizima, na utazima pamoja na ile ya chini iliyokuwa ya kukuokoa. Ishushe taratibu kadiri hali inavyotengemaa.

Simu nyingi za bei nafuu huua programu zilizo nyuma ili betri idumu. Ingia kwenye mipangilio ya betri, iruhusu programu ya sensa ifanye kazi bila kikomo, ruhusu arifa zake, na usizime Bluetooth. Jaribu kabla ya usiku wa kwanza. Umeme ukikatika sana mtaani kwenu, lala na pawabenki imejaa.

Ndugu wanaweza kukufuatilia. Programu yao, LibreLinkUp, inaruhusu watu hadi 20. Mimi nimeruhusu wawili. Tukapatana na mdogo wangu: anapiga simu ikishuka chini ya 3.9 na mimi kimya kwa dakika 20, basi. Kabla ya makubaliano hayo alikuwa ananipigia kutoka Muscat kila nikila embe.

Hatua ya sita: swali moja kwa wakati

Kuanzia siku ya tatu chagua saa moja ya siku inayokusumbua, badilisha jambo moja tu, na ulirudie angalau siku mbili tatu kabla ya kuhukumu. Ukibadilisha chakula, muda wa dawa na matembezi siku moja, hutajua kipi kilichofanya kazi.

Nitakupa la kwangu. Kila siku saa nne asubuhi mstari wangu ulipanda hadi 14 na kitu. Nikaondoa sukari kwenye chai, ukashuka kidogo. Nikala chapati moja badala ya mbili; ukashuka kidogo tena. Mlima ukabaki. Nikampelekea daktari. Akaweka ncha ya kalamu kwenye kilele.

"Mama, insulini unachoma saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, daktari."

"Na chai?"

"Hapo hapo. Nikitoa sindano naketi."

Natumia insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 tunayopewa wengi. Sehemu yake ya haraka si ya haraka kiasi hicho. Inataka kuchomwa dakika 30 hivi kabla ya kula. Mimi nilikuwa naipa chapati nafasi ya kutangulia nusu saa, miaka yote hiyo. Nikaanza kuchoma, kisha kufagia ua, kisha ndiyo chai. Wiki hiyo hiyo kilele kikawa 10 na pointi, kwa dozi ile ile. Kama unatumia insulini ya namna hii, muulize daktari wako kuhusu muda kabla hamjaongea habari za kuongeza yuniti. Lakini ukikuta sukari iko chini kabla ya kula, hungoji nusu saa yoyote. Fuata ulivyoelekezwa, na chakula kiwe karibu. Na ukichoma ya mchanganyiko asubuhi, chakula cha mchana usikiruke. Sehemu yake ya polepole inafanya kazi mchana, ule usile.

Majaribio mengine yaliyonifaa kwa chakula chetu. La kwanza, mpangilio wa sahani: kula mchicha au kisamvu na samaki au maharage kwanza, ugali au wali umalizie. Chakula ni kile kile, mlima unakuwa mfupi. La pili, kutembea dakika 15 baada ya kula, wakati mstari ndiyo unaanza kupanda. Hapa saa janja yenye kukumbusha inasaidia kuliko kitu kingine chochote ilichonacho. La tatu, kupima wanga kwa macho: ugali uliolingana na ngumi yako dhidi ya ule wa siku zote. La nne, uji. Uji laini wa unga uliokobolewa, hata bila sukari, ulinipandisha kuliko muhogo wa kuchemsha wa kushika mkononi. Mwili wako unaweza kusema vingine, na ndiyo maana umevaa sensa.

Kazi nzito nayo iandike. Siku ya kulima au ya kufua tangu asubuhi, sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye, hata usiku wa manane. Siku hiyo itazame namba kabla ya kulala.

Usiku, na kengele ya uongo

Usiku mmoja saa tisa kengele ililia: 3.2. Niliamka, sina jasho wala kutetemeka. Nikachoma kidole: 6.1. Kumbe nilikuwa nimelalia mkono wenye sensa. Ukiukandamiza mkono, majimaji yale yanapungua pale penye uzi na namba inashuka bila sukari kushuka. Kwenye mchoro inaonekana kama shimo lenye kuta wima, kisha mstari unarudi ulipokuwa. Lalia upande mwingine. Ila kama una dalili na mashine ya kidole iko mbali, tibu kwanza, uchunguzi baadaye.

Mfungo wa Ramadhani

Kwanza nenda kwa daktari wiki sita hadi nane kabla, maana dozi hubadilishwa na wapo ambao afya yao hairuhusu kufunga. Kuvaa sensa na kuchoma kidole, wanazuoni wengi wanasema, hakuvunji saumu. Mipaka ya kukata mfungo iko wazi kwa madaktari: ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda zaidi ya 16.6, au ukiumwa, unafungua, iwe imebaki saa moja au dakika tano kabla ya magharibi. Utazame mstari alasiri, saa tisa hadi saa kumi na moja, ndiyo saa ya kushuka. Baada ya futari ni saa ya kupanda: tende, uji wenye sukari, kaimati zilizozama kwenye shira, mihogo ya nazi, vyote ndani ya nusu saa. Tende moja au mbili na maji, ukaswali, kisha ukala, mstari unakuwa na adabu zaidi. Na daku iliwe mwishoni mwa usiku.

Kidole hakistaafu

Mashine ya kuchoma ibaki nyumbani na stripu ziwepo. Choma kidole siku ya kwanza; sensa isipotoa namba au mshale; mwili ukisema jambo tofauti na skrini; baada ya kutibu kushuka; na namba ikibadilika kwa kasi wakati unataka kuamua dozi.

Dawa nazo zinaingilia. Vitamini C zaidi ya miligramu 500 kwa siku inaweza kuifanya Libre isome juu kuliko ukweli, na vidonge vile vya kuyeyusha kwenye maji vingi vina miligramu 1,000 kila kimoja. Mwenye selimundu anayetumia hydroxyurea aseme kabla ya kuvaa Dexcom, kwa sababu dawa hiyo inaipandisha namba kwa uongo. Na kwa mwenye selimundu, au aliyepungukiwa damu, au aliyetoka kuongezewa damu, HbA1c yenyewe inaweza kudanganya. Kwake yeye siku 14 za sensa ni ushahidi mzuri kuliko ile asilimia ya maabara. Ukienda kupigwa picha ya MRI, sema una sensa kabla hujaingia chumbani.

Siku ya 14: kutoa na kupeleka

Kwenye programu tafuta ripoti, uihifadhi kama PDF au upige picha ya skrini ya mchoro wa wastani wa siku 14. Sensa isomwe angalau asilimia 70 ya muda, la sivyo picha ina matobo. Kwa zile za kusogeza simu, usipitishe saa nane bila kusoma.

Kwa watu wazima wengi wenye aina ya kwanza au ya pili, shabaha zilizokubaliwa kimataifa mwaka 2019 ni kukaa kati ya 3.9 na 10.0 kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda. Kwa lugha ya siku: karibu saa 17 kati ya 24. Chini ya 3.9 isizidi asilimia 4, yaani isifike saa moja kwa siku. Zaidi ya 10 ibaki chini ya saa sita. Kwa mzee au aliye katika hatari kubwa ya sukari kushuka, saa 12 ndani ya mstari zinatosha, ila kushuka kusizidi robo saa. Mama mjamzito ana mipaka yake, 3.5 hadi 7.8.

Mimi nilianza na asilimia 41. Sensa ya tatu ilisoma 66. Mbele ya daktari sitandazi kila kitu. Foleni ni ndefu na ana dakika chache. Nampa karatasi moja, mchoro upande mmoja, na maswali mawili kwa mwandiko wangu upande wa pili: kushuka kunatokea saa ngapi na dozi ipi inahusika, na mlima mkubwa uko wapi na nijaribu nini.

Kutoa ni rahisi. Paka mafuta ya nazi kuzunguka ukingo, sasa ndiyo ruhusa yake, subiri dakika chache, inua kutoka pembeni taratibu. Osha, acha ngozi ipumue. Ukiona wekundu au muwasho usioisha, mwonyeshe daktari kabla ya kubandika nyingine. Sindano ya kifaa cha kubandikia iingie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko pamoja na sindano zako nyingine, na chupa hiyo irudi kliniki.

Mimi sasa navaa moja kila miezi mitatu, wiki mbili kabla ya kliniki. Boksi la safari ijayo liko mlangoni mwa friji. Juu yake nimeandika kwa kalamu: "Jioni. Wali kabla ya saa moja, au baada ya saa mbili?"